Kila mvinyo wa Italia una kwao, na tamasha la Mombasa lituonyeshe

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache kuhusu tamasha la mvinyo na vyakula vya Kiitaliano lililofanyika mwezi uliopita katika hoteli moja ya ufuoni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Nilikwenda kwa hiari yangu na kiingilio cha Sh3,500 nilikilipa kwa pesa zangu. Nimefanya kazi ya kuhudumu mezani kwa miaka 27, kwanza Malindi na baadaye hapa Mombasa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimaliza nikifungua chupa za Italia mbele ya Waitaliano wenyewe, watu wasioona haya kumrudisha mhudumu jikoni akiwaletea kisichofaa. Ninalitaka tamasha hili lirudi mwaka ujao na miaka mingine baada ya huo, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza kuhusu namna lilivyofanywa.

Ndani ya hema kulikuwa na meza tatu ndefu, na juu ya kila meza kibao: mvinyo mwekundu, mvinyo mweupe, mvinyo mtamu. Basi. Barolo ya Piemonte, mkoa ulio chini ya milima ya Alpi ambako ukungu hufunika vilima wakati wa mavuno, ilisimama bega kwa bega na Primitivo ya Puglia, kwenye kile kisigino cha Italia kilichoingia baharini, na kando yake Nero d'Avola ya Sicilia, kana kwamba zote tatu zilikamuliwa katika ua mmoja. Nilimwuliza kijana aliyekuwa akimimina ile Nero d'Avola inatoka mkoa gani. Aliitazama lebo, akaigeuza chupa, akanijibu kwa adabu, "Italia, mzee." Sikumlaumu siku ile na simlaumu sasa, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba hakuna aliyeketi naye kumweleza. Lakini mwanamke wa Mombasa akienda sokoni asubuhi haombi samaki tu. Atataka kujua kama ni changu, tewa, nguru au jodari, na amevuliwa lini, na akishajua ndipo anapoamua kama atampaka, atamkaanga au atamtia kwenye mchuzi wa ukwaju. Mvinyo wa Italia nao uko hivyo. Ukiutenga na mkoa wake na chakula chake, kinachobaki glasini ni kileo, na kileo peke yake mtu anaweza kukipata dukani bila kulipa kiingilio.

Mimi jambo hili sikulijifunza kwanza kwa Waitaliano. Baba yangu alikuwa mgema huko Kaloleni, na nilipokuwa mdogo kazi yangu ilikuwa kusimama chini ya mnazi kupokea kibuyu, huku yeye juu akilikata karara kipande chembamba kama karatasi kwa kisu alichokinoa kila siku. Tembo la asubuhi lilikuwa tamu, jeupe kama maji yaliyooshewa mchele. La jioni lilikuwa limekwisha kuchachuka. Wateja wa mangwe, yaani kilabu cha tembo, waliojua kunywa walikuwa wakiuliza kwanza limegemwa lini, limetoka minazi ya upande gani na mgema ni nani, kabla hawajaugusa mrija. Kwa hiyo mwajiri wangu wa kwanza Malindi, mzee mmoja kutoka Sicilia, aliponiambia kwamba zabibu za aina moja zikipandwa kwenye vilima viwili vinavyotazamana hutoa mivinyo miwili isiyofanana, sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Italia ina mikoa 20, na hakuna hata mmoja usiotengeneza mvinyo. Waitaliano walianza zamani kuuwekea mipaka. Mwaka 1716, miaka 18 tu baada ya Waomani kuwatoa Wareno katika Fort Jesus (ngome ambayo ramani yake ilichorwa na Muitaliano, Giovanni Battista Cairati), mtawala wa Toscana, Cosimo III de' Medici, alitoa amri iliyotaja mipaka ya sehemu nne za mkoa wake, Chianti ikiwa mojawapo, ili mvinyo wa kwingine usiuzwe kwa jina la huko. Sheria ya nchi nzima ilikuja mwaka 1963 na kuanzisha zile herufi DOC tunazoziona kwenye lebo, yaani jina la asili linalodhibitiwa. Sheria hiyo hiyo iliweka juu yake daraja ya DOCG, na mwaka 1980 mivinyo ya kwanza ikaanza kupewa hadhi hiyo, miongoni mwake Barolo na Brunello di Montalcino. Ukiona ukanda mwembamba wa karatasi umebandikwa shingoni mwa chupa ukiwa na herufi hizo, ujue kuna kanuni iliyoandikwa inayosema zabibu zimetoka wapi, ni za aina gani, na mvinyo umekaa muda gani kabla ya kufika sokoni. Barolo, kwa mfano, hukaa miezi isiyopungua 38, na 18 kati ya hiyo sharti iwe ndani ya mapipa ya mbao. Somo la kuusoma ukanda huo halizidi dakika tano. Wangefundishwa wahudumu peke yao, tamasha lote lingekuwa tamasha jingine.

Nitoe mfano mmoja wa hasara ya kutofundisha. Mama mmoja aliyesimama mbele yangu kwenye foleni alikuwa ameonja Montepulciano d'Abruzzo, akaipenda, akataka kununua chupa. Akauziwa Vino Nobile di Montepulciano, kwa bei kubwa zaidi, akiambiwa ni kitu kile kile ila hii ni bora. Si kitu kile kile hata kidogo. Katika mvinyo wa Abruzzo, Montepulciano ni jina la zabibu. Katika ule mwingine ni jina la mji ulioko Toscana, na zabibu yake kubwa ni Sangiovese, ile ile ya Chianti. Yule mama atafika nyumbani, atafungua chupa, atakuta ladha asiyoitambua, na kuanzia hapo ataamini kwamba mambo ya mvinyo ni kubahatisha. Nilipojaribu kumweleza alikuwa amekwisha kulipa, na msimamizi wa meza akaniomba nisogee, foleni ni ndefu.

Kisha kuna joto. Chupa za mvinyo mwekundu zilikuwa zimepangwa juu ya meza tangu asubuhi, chini ya turubai, na hali ya hewa ya Mombasa katika miezi hii kila msomaji anaijua. Niliishika shingo ya chupa ya Chianti Classico nikaikuta ina uvuguvugu kama maji ya kunawia mikono kabla ya pilau. Mvinyo ukifika hali hiyo, kileo hupanda puani kabla ya harufu ya matunda, na ule ukavu unaoubana ulimi, ambao wenyewe huuita tanini na ambao kila mtu ameuonja katika chai ya rangi iliyoachwa jikoni muda mrefu mno, unakuwa mkali kupita kiasi. Nilipoomba ndoo ya barafu niliambiwa kwamba mvinyo mwekundu haupozwi, hunywewa katika joto la chumba. Maneno hayo ni ya kweli kwa chumba cha mawe cha Ulaya wakati wa baridi, ambako chumba chenyewe kina nyuzi 16 au 18. Chumba cha Nyali kina nyuzi 30. Dawa yake ni rahisi, na nimeitumia maelfu ya mara: ndoo yenye barafu nusu na maji nusu, chupa izamishwe hadi mabegani, robo saa, kisha itolewe na kufutwa. Mvinyo mweupe ukae humo zaidi, na ule wenye mapovu zaidi tena. Huu ni ujuzi mdogo ambao mwambao wetu unaweza kuwafundisha hata wageni, kwa kuwa wao kwao hawana haja nao sana.

Nije kwenye chakula, maana hapo ndipo palipo na utajiri wote, na ndipo tamasha lilipopoteza nafasi kubwa kuliko zote. Tangazo liliahidi kwamba mvinyo utaoanishwa na chakula. Tulichokuta ni sahani moja ya jibini, nyama baridi na zeituni, ile ile kwa mivinyo yote, iwe myepesi au mzito, mkavu au mtamu. Kwa Waitaliano, mvinyo na chakula cha mahali hukua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Watu wa Emilia-Romagna, ambao chakula chao kina mafuta mengi, jibini ya Parmigiano Reggiano na nyama za kukausha, wana Lambrusco, mvinyo mwekundu wenye mapovu unaonywewa baridi, ambao husafisha mdomo baada ya kila tonge. Watu wa Piemonte wana nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole kwa saa nyingi, na Barolo yao ina ukavu unaohitaji nyama kama hiyo ili utulie. Hawakukaa chini wakapanga. Vizazi na vizazi vilikula kilichopo na kunywa kilichopo, na kisichopatana kikaachwa.

Lakini mkoa ambao ningewaomba waandaaji wauweke mbele kabisa, kwa sababu sisi watu wa mwambao tuna undugu nao, ni Sicilia. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Waislamu kutoka Afrika ya Kaskazini kuanzia walipotua mwaka 827 hadi Wanormani walipokamilisha kukiteka mwaka 1091, na baadhi ya maneno waliyoyaacha huko ni maneno ambayo Kiswahili nacho kiliyapata kutoka chanzo kile kile. Kati ya Sicilia na Tunisia kuna kisiwa kidogo cha Pantelleria, chenye mawe meusi ya volkano na upepo usiokoma, na zabibu inayolimwa huko inaitwa zibibbo. Neno hilo ni la Kiarabu, zabib, ndilo hilo hilo zabibu letu. Mwajiri wangu aliponitamkia mara ya kwanza nilidhani ananitania kwa Kiswahili. Mizabibu hiyo huchimbiwa vishimo ardhini na kukatwa iwe mifupi kama vichaka, ili upepo upite juu yake bila kuivunja, na mwaka 2014 UNESCO iliutia ukulima huo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Zabibu zikishachumwa huanikwa juani zikasinyaa, na kutokana nazo hutoka Passito di Pantelleria, mvinyo wa rangi ya kaharabu wenye harufu ya tende, aprikoti na asali. Chupa moja ya Passito ilikuwepo kwenye meza ile ya mvinyo mtamu. Hakuna aliyemwambia mtu yeyote kwamba jina la zabibu yake analijua tangu utotoni.

Magharibi mwa Sicilia, upande wa Trapani, hupikwa kusikusi kwa mchuzi wa samaki. Mwajiri wangu yule wa Sicilia alikuwa akiipika mwenyewe kila Ijumaa. Aliisugua nafaka kwa vidole katika bakuli pana la udongo, akinyunyiza maji kidogo kidogo mpaka punje zikashikana na kuwa vichembe, kisha akaipika kwa mvuke na kuimwagia mchuzi wa samaki wa miamba. Wapishi wetu waliokuwa jikoni walimtazama wakacheka kwa furaha, wakasema huyu mzungu anapika chakula cha bara Arabu. Alikuwa akinywa nacho Grillo, mvinyo mweupe wa upande huo huo wa kisiwa, wenye ukali wa ndimu na chembe ya chumvi kama upepo wa pwani. Na mji wa San Vito Lo Capo, ulioko ufuoni katika wilaya ya Trapani, tangu mwaka 1998 una tamasha la kusikusi linalowaalika wapishi wa nchi mbalimbali kushindana na kupika kila mmoja kwa namna ya kwao. Kwa hiyo nikiomba chakula cha Mombasa kiwekwe kando ya mvinyo wa Italia katika tamasha la Mombasa, siombi kitu ambacho Waitaliano watakiona kigeni. Wao wenyewe hukifanya.

Chukueni samaki wa kupaka. Kwanza huchomwa kwenye makaa hadi ngozi ishike moshi, ndipo hupakwa tui zito lenye kitunguu saumu, pilipili, bizari na ukwaju au ndimu, akarudishwa motoni na kupakwa tena. Mhudumu anayefikiri kwa haraka ataleta mvinyo mweupe mwepesi, kwa kuwa ni samaki, na atakosea. Tui lina utamu na mafuta, na mvinyo mwembamba ukikutana nalo huonekana kama siki iliyotiwa maji. Unahitajika mvinyo mweupe wenye mwili, yaani uzito mdomoni, unaoweza kuubeba moshi na bado uwe na ukali wa kutosha kuyakata mafuta. Katika miaka yangu yote nimeona mmoja ukishinda mingine, nao ni Fiano di Avellino, kutoka vilima vya Campania, ndani ya nchi nyuma ya Napoli. Una harufu ya njugu za kukaanga na asali kavu, na ukiunywa baada ya tonge la kupaka, nazi inakuwa nazi zaidi. Pweza wa nazi, ambaye nyama yake ni ngumu kidogo na ina chumvi ya bahari, mimi humpeleka kwa Vermentino ya Sardegna, kwa sababu ya ule uchungu mdogo unaobaki mwishoni, kama wa lozi. Wengine watapendelea kinyume chake, na tamasha lingekuwa mahali pa kubishana juu ya hilo sahani ikiwa mbele yetu.

Kwa mishikaki jibu limekwisha kutolewa huko Abruzzo, ambako wachungaji walikuwa wakikata nyama ya kondoo vipande vidogo sana, wakivitunga kwenye vijiti na kuvichoma juu ya jiko jembamba refu la makaa. Wanaiita arrosticini. Mtu wa Mombasa akipelekwa mbele ya jiko hilo hatahitaji mkalimani. Wao hunywa Montepulciano d'Abruzzo au ule mvinyo wao wa rangi ya cheri, Cerasuolo d'Abruzzo, na kwa mishikaki yetu yenye tangawizi na pilipili ningechagua huo wa pili, upozwe vizuri. Biriani ningeijaribu na Lambrusco kavu. Na kwa bajia, viazi karai na vyote vinavyochovywa kwenye ukwaju wenye pilipili, tahadhari moja: kileo kingi huichochea pilipili kama mafuta ya taa kwenye moto, na tanini nayo huongeza. Hapo kinafaa kitu chepesi chenye utamu kidogo, kama Moscato d'Asti ya Piemonte, ambayo kileo chake ni kama asilimia 5 tu.

Sasa niseme jambo lililonitoa katika tamasha lile kabla ya saa yake. Rafiki yangu mmoja, mpishi wa samaki tuliyefanya naye kazi miaka mingi, Mwislamu mshika dini, alikuja nami kwa ajili ya chakula peke yake, kwa kuwa tangazo lilisema kuna chakula cha kila mtu. Kwenye meza ya nyama baridi kulikuwa na prosciutto, ambayo ni nguruwe, na kando yake bresaola ya bonde la Valtellina, ambayo ni nyama ya ng'ombe, zote zikichukuliwa kwa koleo moja. Akaiacha bila kusema neno. Tukaenda kwenye vitamu. Akachukua kikombe cha tiramisu, akamwuliza msichana aliyekuwa akihudumu, "Mwanangu, humu mna nini?" Akajibiwa, "Mayai, jibini laini, kahawa na biskuti, mzee wangu." Alikuwa amekwisha kuinua kijiko. Mimi nilikuwa karibu naye, na harufu iliyonijia naijua, kama sukari iliyoungua pamoja na tende: Marsala, mvinyo wa Sicilia ulioongezwa nguvu, ambao hoteli nyingi hupenda kuuchanganya na kahawa ya tiramisu. Nikamshika mkono. Msichana akakimbia jikoni kuuliza, akarudi ameinamisha kichwa. Rafiki yangu alikiweka kijiko juu ya kisahani taratibu, akafuta vidole, akamwambia, "Si neno, mwanangu, hukujua." Kisha akaniomba radhi mimi, ati asiniharibie siku, akaenda zake stejini kungoja matatu. Nilimfuata.

Mhariri, Mombasa ni mji wa Waislamu tangu karne nyingi, na watu wake wamewapokea wenye desturi nyingine kwa muda huo wote. Anayefanya tamasha la mvinyo hapa anajua anafanya mahali gani. Hakuna aliyemkataza. Deni lake kwa wenyeji ni dogo mno: aandike. Chakula kilichotiwa mvinyo kiandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, iwe ni nyama iliyopikwa ndani ya Barolo, mchuzi wa Marsala au kitamu cha kahawa. Nyama ya nguruwe iwe na meza yake na koleo lake. Vyakula vya Kiitaliano visivyo na mvinyo wala nguruwe, ambavyo ni vingi sana, viwe na sehemu yake ambayo familia inaweza kuingia bila kupita katikati ya chupa, kuna caponata ya biringani, kuna tambi za dagaa na shamari za Palermo. Wa chini ya miaka 18 wasikaribie meza za mvinyo, kama sheria ya vileo ya mwaka 2010 inavyotaka, na siku ile sikuona mtu akiulizwa kitambulisho.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye hoteli, kuhusu wahudumu. Waitaliano wamekuwa Malindi kwa wingi tangu siku za mradi wa San Marco, ambao mwaka 1967 ulirusha satelaiti kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini, na tangu hapo vijana wa mwambao wamejifunza Kiitaliano kwa masikio tu, ufuoni na mezani, mpaka wengine wanaota kwa Kiitaliano. Vijana hawa hawashindwi na majina ya mikoa 20. Italia yenyewe ina chama cha wahudumu wa mvinyo tangu mwaka 1965, na mwenye ujuzi huo huko huheshimiwa kama mpishi mkuu. Hapa kwetu kijana hupewa fulana yenye jina la tamasha na kizibuo saa moja kabla ya milango kufunguliwa, halafu wageni wakilalamika lawama inamwangukia yeye. Kijana aliyenijibu "Italia, mzee" alikuwa na mikono mizuri, alimimina bila kudondosha tone, na aliuelekeza uso wa lebo kwa mgeni bila kuambiwa. Huyo ni mhudumu aliyekwisha kufika nusu ya safari.

Waandaaji wakisoma barua hii, naomba wapange meza kwa mikoa badala ya rangi, angalau sita kwa kuanzia, kila meza na chakula chake kimoja cha huko na kimoja cha hapa, na wawaalike akina mama wa Mji wa Kale wanaopika kupaka na mahamri kwa mikono yao wenyewe, walipwe kama wanavyolipwa wapishi wengine. Kuwe na maji ya kunywa na chombo cha kutemea kwa wanaoonja mingi, maana hivyo navyo havikuwepo. Na kuhusu mafunzo, mimi ninaishi Kisauni na sina shughuli kubwa jioni. Niko tayari kukaa na wahudumu watakaochaguliwa kwa jioni mbili kabla ya tamasha, bila malipo. Ya kwanza tutasoma lebo na kupoza chupa. Ya pili nitaomba sahani moja ya samaki wa kupaka na chupa tatu, Grillo, Fiano na Vermentino, na kwa wasiokunywa kunusa kunatosha, kisha kila mmoja aseme kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, amekuta nini glasini.

Wako,
Mhudumu wa hoteli mstaafu,
Kisauni, Mombasa